Jibu: Ooty kutoka Chennai, tiketi za kitreni zimeisha

Salama mkuu, pole na kuuguza. Kwa hiyo mama kapewa wiki moja kabla ya kurudi kwa daktari, mnataka kutoka Chennai kupanda Ooty, ule mji wa milimani kusini mwa India, na kile kitreni cha mlimani ila tiketi za kutoka Mettupalayam, stesheni ya chini ya mlima, zimejaa.

Usiing'ang'anie hiyo. Kinachukua karibu masaa matano kupanda kilomita 46, mmebanana magoti yanagusana na wa mbele, kwa mtu katoka opresheni ni mateso. Sisi tulichukua treni ya usiku ya Nilgiri Express toka Chennai mpaka Mettupalayam, pale basi hadi Coonoor, mji wa njiani huko huko mlimani, halafu Coonoor kwenda Ooty ndo tukapanda kitreni, ni kama saa moja tu na tiketi zake hazigombaniwi sana, mashamba ya chai unayaona vilevile.

Mkikodi gari cha kwanza angalia kibali cha mtandaoni cha gari kuingia Ooty, wanaita e-pass, kilianza 2024, muulize dereva mapema maana wengine wanakwambia usijali halafu mnakwama getini. Pasipoti na viza mbebe orijino, hoteli watazitaka. Maji ya chupa za plastiki usipande nayo, huko marufuku.

Baridi ya kule ni ya Makete kabisa, mita 2,200 na ushee, kwa hiyo kama mama ana kifua au presha daktari wake ndo aseme, mimi hapo sina jibu. Na kama ni kati ya Oktoba na Desemba ulizia reli kwanza, mvua huwa zinaporomosha udongo wanaifunga.