Goti linanyooshwa kwenye mazoezi, sio kwenye alaimenti

Msomaji wetu anatafsiri kijitabu cha wagonjwa wanaosubiri kuwekewa goti bandia baada ya magoti kusagika, na kijitabu chenyewe kinaeleza njia mbalimbali ambazo daktari anaamua mguu ukae vipi kuanzia nyonga mpaka kifundo, kitu ambacho madaktari wanakiita alaimenti. Yeye kaandika "mbinu za kunyoosha goti", mwenzake anasema iwe "mbinu za mpangilio wa goti". Wamebishana, sasa anauliza nani yuko sahihi.

Hakuna aliye sahihi. "Mpangilio" nitaumaliza haraka, viti vina mpangilio, vitabu vina mpangilio, yaani vitu vingi vilivyowekwa kwa utaratibu, na ukisema mpangilio wa goti msomaji hadhuriki, haelewi tu unazungumzia nini. Lakini hilo "kunyoosha" ndugu yangu, hilo nimelikuta kwenye vipeperushi, nimelisikia kwenye video za maelezo, nimelisikia mpaka kwa watu wa afya wenyewe, na kila nikilikuta napandwa na hasira, kwa hiyo leo nivumilie.

Nyoosha ni kufanya kitu kinyooke, hapo hatuna ugomvi. Ugomvi ni kwamba kwenye goti neno hili lina kazi yake tayari, na kazi yenyewe ni kubwa: goti linakunjwa na goti linanyooshwa. Ukikaa kitini ukanyanyua mguu ukawa kama fimbo, umenyoosha goti. Mtu mwenye matege makubwa anaweza kunyoosha goti lake vizuri kabisa, na mtu ambaye mguu wake ukiutazama kwa mbele umesimama kama mlingoti anaweza akashindwa kulinyoosha hata kwa dawa. Ni vitu viwili tofauti, kimoja unakiona ukisimama mbele ya mtu, kingine unakiona ukisimama ubavuni kwake. Sasa wewe unachukua neno la kitu cha pili unalibandika kwenye cha kwanza halafu unamkabidhi mgonjwa!

Mama yangu mkubwa alifanyiwa upasuaji huu. Daktari akamwambia, mama, goti limenyooshwa vizuri sana, na kweli picha ilionyesha mguu umekaa sawasawa. Kesho yake akaja wa mazoezi, akakunja taulo, akaliweka chini ya kisigino, akamwambia bonyeza goti chini liguse kitanda, nyoosha mama, nyoosha. Goti likabaki limeinuka, chini yake mkono unapita. Mama mkubwa akalia, sio kwa maumivu peke yake, alilia kwa sababu aliambiwa limeshanyooshwa, sasa kama halinyooki basi yeye ndiye kaliharibu usiku. Siku mbili nzima alikuwa anaogopa hata kushusha mguu kitandani. Neno moja tu limefanya hivyo, ndio maana silichukulii kama suala la ladha.

Na kuna kosa la pili, kubwa zaidi kwa kijitabu kama chako ambacho kazi yake ni kulinganisha njia. "Kunyoosha" limeshatoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Njia ya zamani inavuta mstari kutoka katikati ya kichwa cha fupa la paja kwenye nyonga mpaka katikati ya kifundo cha mguu, na inataka mstari huo upite katikati ya goti, kwa hiyo mifupa yote miwili, wa paja na wa muundi, inakatwa nyuzi 90 kwa mhimili wake, na kano zikikaza upande mmoja zinalegezwa. Hiyo sawa, unaweza kuiita kunyoosha ukitaka kulazimisha. Lakini njia nyingine, ile inayoitwa ya kinematiki, haina nia ya kunyoosha chochote. Yenyewe inakata mfupa kwa unene uleule wa kipande kitakachowekwa, ikihesabu na gegedu iliyolika, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ili uso wa goti urudi pale ulipokuwa kabla ya ugonjwa, na kama mtu kwa asili yake ana matege kidogo basi atabaki nayo. Na watu wa hivyo sio wachache: utafiti wa Bellemans na wenzake wa 2012, kwa vijana 250 wasio na tatizo lolote la goti, ulikuta asilimia 32 ya wanaume na 17 ya wanawake wana matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Ukiita zote mbili "kunyoosha", mgonjwa aliyefanyiwa ya pili akijitazama kwenye kioo atadhani kazi haikuisha. Wakati majaribio ya kulinganisha njia hizi mpaka leo hayajatoa mshindi wa wazi, neno lako limeshamtoa.

Neno lipi basi? Kulinganisha lingefaa, limetokana na lingana, kuwa sawa na kingine, tatizo ni kwamba kijitabu chenyewe kinalinganisha njia, na "kulinganisha njia za kulinganisha goti" inachosha mdomo. Mimi ningesema kuweka goti kwenye mhimili, halafu njia zenyewe nizitaje kwa maneno yanayoeleweka: kwa timazi, ile ya zamani, maana fundi mwashi anaposhusha uzi wenye uzito kuangalia ukuta anafanya kitu kilekile, na kwa asili, hii ya kinematiki. Ipo na ya kati, inayofuata asili lakini haikubali mguu uzidi kiwango fulani cha matege, hiyo ni asili yenye mipaka. Ukiona wakubwa zako hawataki timazi, andika alaimenti, sitagomba, neno la kukopa lisilodanganya ni bora kuliko la kwetu linalomliza mgonjwa.

Ila "nyoosha" usilifute kijitabu kizima. Ukifika ukurasa wa mazoezi, pale kwenye taulo chini ya kisigino, liache, pale ndio kwake.