Goma iliyofika India mbele yetu

Barua za wasomaji wapenzi wa ngoma. Anajibu mwalimu wetu wa Himbi, Goma.

Jambo sana Mama. Mimi ni kijana wa miaka 23, nacheza ndombolo na hip-hop na kundi letu hapa Katindo. Nimekubaliwa kwenye staji ya wiki mbili nje ya nchi, ya wachezaji wa kazi, kuhusu ngoma za Waafrika waliopelekwa ng'ambo. Ratiba imekuja: asubuhi mbinu ya Dunham, mchana rumba ya Kuba, siku mbili kapuera, na Alhamisi ya pili wameandika "Goma, Gujarat". Wenzangu wamecheka sana, eti nitalipa nifundishwe mji wangu. Hiyo Goma ni ipi? Halafu rumba ni ya kwetu, nimezaliwa nayo, Mkuba atanifundisha nini? Wanataka dola 250. Mama yangu anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, soko la Virunga, na amesema hatoi kitu mpaka Mama wa Himbi aseme.
*Mchezaji, Katindo*

Mwanangu, msalimie mama yako, na umwambie kwanza asome mpaka mwisho.

Hiyo Goma si yetu, lakini wenzako wamecheka karibu na ukweli. Gujarat ni jimbo la magharibi mwa India. Huko wanaishi watu wanaoitwa Wasidi. Wahenga wao walivuka bahari kutoka upande huu wa Afrika ya Mashariki kwa muda wa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine askari, wengine mabaharia. Leo wanasema Kigujarati, wengi wao ni Waislamu, na wana walii wao, Bava Gor, ambaye kaburi lake liko karibu na kijiji cha Ratanpur. Lugha za mababu zimewatoka mdomoni karibu zote. Neno moja likakataa kutoka: wanapocheza kwa ajili ya walii huyo, mchezo wenyewe wanauita goma. Ni ngoma yetu hii hii, imeangusha herufi moja njiani.

Wana ngoma ndefu inayosimama kwa miguu yake, mugarman. Nyingine wanaiita musindo. Litamke polepole. Mimi nasikia mshindo, na msondo pia, sijui wewe. Mchezaji anarusha nazi juu kabisa, anaiacha ishuke, anaipasua kwa kichwa. Mbele ya hao wote wewe utakuwa mtu wa kutoka Goma uliyeingia darasa la goma. Jiandae kupigwa picha nyingi.

Angalia pia kitu kimoja ambacho ratiba haikukuambia. Wasidi wana upinde wenye kibuyu, malunga, unaogongwa kwa kijiti. Siku za kapuera, ule mchezo wa Wabrazili ulio nusu ngoma nusu mapigano, utakutana na berimbau yao, na hiyo nayo ni upinde, kibuyu na kijiti. Mmoja ulivukishwa bahari ya mashariki, mwingine ya magharibi. Waombe walimu, kama inawezekana, waviweke vyote viwili chumba kimoja hata kwa dakika kumi. Mimi ningelipa kwa hilo tu.

Sasa rumba. Hapa nitakukalisha chini kidogo, kwa sababu mimi pia niliingia na kiburi hicho hicho. Ilikuwa Nairobi, mwalimu mzee wa Kuba, shati jeupe, kandambili. Nikajipanga mstari wa mbele, Mkongomani, mwenye mali. Asubuhi nzima hakutuchezesha. Alitupigisha makofi: pa, pa, pa, kimya, pa-pa, kimya. Wanaiita clave. Saa mbili makofi tu. Baada ya chakula akageuza sanduku la mbao, akalikalia, akaanza kulipiga kwa viganja. Sanduku, mwanangu, si ngoma! Bandarini kule watu walipiga masanduku ya samaki wakavu na ya mishumaa, na mpaka leo sanduku ni chombo cha heshima katika rumba yao. Akanipa sketi ndefu, akanipa mwenza. Hiyo ni guaguancó: mwanamume anazunguka kama jogoo, anatafuta nafasi ya kurusha ishara moja ya ghafla kuelekea kiunoni kwako, kwa mkono, kwa mguu, hata kwa kitambaa. Wewe kazi yako ni kufunga sketi kabla haijafika. Mimi kiuno kilikuwa kizuri, nakuambia, kilisifiwa. Lakini nilikuwa nasikiliza gitaa ambalo halipo. Nilingoja sebene, ile sehemu ya gitaa inayochangamka, ije initangazie. Yule kijana alinipata mara nne mfululizo, na kila mara mzee alipiga sanduku lake kofi moja kubwa kama mwamuzi.

Kwa nini nilipotea wakati rumba "ni yetu"? Kwa sababu tulipokea jina la mmoja na mwili wa ndugu yake. Wengi wanasema neno lenyewe linatokana na nkumba, kitovu kwa Kikongo, na hatua za Wakongo kweli zilikwenda Kuba na watumwa. Lakini kilichorudi kwetu kilirudi kwa sahani za gramafoni. Kuanzia 1933 sahani zenye alama ya GV ziliuzwa Afrika, nyingi zikiwa za son ya Kuba, muziki wa gitaa na tarumbeta, na juu yake kimeandikwa rumba. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakazisikiliza, wakazigeuza, ikazaliwa hii yetu. Ile ya sanduku na sketi ilibaki Kuba. Hata UNESCO, katika orodha yake ya urithi, iliziandika mbali mbali: ya Kuba mwaka 2016, ya Kongo zote mbili mwaka 2021. Kwa hiyo Mkuba atakufundisha usichokijua, na wewe una kitu ambacho yeye hana. Ukiingia kama mwenye nyumba utatoka mikono mitupu.

Dunham nakutajia kwa ufupi, utaisikia mgongoni. Katherine Dunham alikuwa Mmarekani mweusi, mchezaji na tena mwanafunzi wa elimu ya jamii za watu. Mwaka 1935 alikwenda visiwa vya Karibi, akakaa sana Haiti, akacheza na wenyeji badala ya kusimama pembeni na daftari. Akarudi akaunganisha alichokiona na balleti, ikawa mbinu. Utakutana na yanvalou, ngoma ya Haiti: magoti yamekunjwa, mgongo unakwenda kama nyoka, kutoka nyonga mpaka shingo, hakuna kipande kinachoruka zamu yake. Wewe wa hip-hop umezoea kukata mwili vipande. Siku tatu za kwanza utafikiri umezeeka.

Jambo moja fanya kabla ya kuondoka. Katika staji za namna hii mwisho wa wiki huwa kuna duara, kila mtu anaingia na cha kwao. Nimeona Wakongomani wazuri kabisa wakiingia na ndombolo ya klipu, halafu mwalimu anauliza: na bibi yako alicheza nini? Kimya. Nenda sokoni, msaidie mama kukunja mifuko, umuulize kwao harusini wanakanyaga mguu upi kwanza. Akuonyeshe palepale kati ya mabeseni. Hiyo ndiyo utakayoingia nayo.

Dola 250. Niliwahi kulipa staji ya siku kumi, ya nani sitasema. Siku mbili tulifundishwa. Nane zilizobaki tukageuzwa wachezaji wa nyuma katika onyesho la mwenye staji, bila hata franga moja, na kwenye cheti jina langu likakosewa. Kwa hiyo waandikie leo: saa ngapi kwa siku mko uwanjani na mwalimu? Mwalimu mwenyewe alijifunza kwa nani? Ngoma zinapigwa kwa mikono ama ni simu iliyochomekwa kwenye spika? Na 250 inalipia nini? Kama kitanda na chakula vimo, mama atoe. Kama ni masomo tu, na visa na nauli ni juu yako, mwambie asitoe, tutafute njia nyingine. Wachezaji wa Kongo wamekwisha kutengeneza njia bila kungoja Ulaya: Faustin Linyekula, kabla ya kuanzisha Studios Kabako huko Kinshasa mwaka 2001 na kuhamia Kisangani, alikuwa Nairobi mwaka 1997 akianzisha kundi Gàara na wenzake wa huko. Nairobi, mwanangu, ni basi na uvumilivu.

Mama Mwalimu, shalom. Binti yangu wa miaka 19 anajifunza ngoma jioni. Juzi nilimkuta jikoni anatikisa kitenge kama mawimbi, anasema ni ngoma ya Yemayá. Mchungaji wetu anasema hizo ni roho za maji, ndugu wa mamba-muntu. Nimtoe?
*Mama wa Ndosho*

Mama mwenzangu, sitakudanganya kwamba ni mazoezi ya viungo tu. Yemayá ni orisha, yaani roho inayoabudiwa, wa bahari, ametoka kwa Wayoruba wa Nigeria, akavuka na watumwa mpaka Kuba na Brazil, na wako watu leo wanaomwomba. Mchungaji wako hakosei kusema kuna dini pale.

Lakini wenye dini hiyo wenyewe wanatenganisha. Ngoma zao za batá ziko za aina mbili: zilizowekwa wakfu, ambazo zinakaa kwenye ibada na si kila mkono unaruhusiwa kuzigusa, na zisizowekwa wakfu, ambazo ndizo zinaletwa darasani na jukwaani. Tangu 1962 Kuba ina kundi la taifa, Conjunto Folklórico Nacional, linalocheza orisha mbele ya watu waliokata tiketi. Darasani binti yako anajifunza jinsi kiuno kinavyosukuma sketi, wimbi dogo kwanza, kisha kubwa, mikono imelegea. Ni ngumu kuliko inavyoonekana, mwambie asitumie kitenge kipya, kinashika.

Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya. Bibi yangu aliambiwa ngoma yenyewe, ngoma yoyote, ni ya shetani. Mwaka 1988 Roma ikakubali misa ya desturi ya Zaire, na padre sasa anacheza kuzunguka altare. Bibi hakuiona. Katika darasa langu kuna msichana mmoja Mlokole. Anacheza hatua zote, zikifika nyimbo anafunga mdomo, na hakuna anayemuuliza. Binti yako ana haki hiyo. Njoo Jumamosi saa tisa ukae utazame. Mchungaji naye karibu, ila viti ni vichache.

Mama, nafundisha Kadutu, Bukavu, ukumbi ni saruji tupu. Magoti yanalia kila jioni. Nifanyeje?
*Mwalimu wa miaka 34*

Acha kuruka. Leo. Baada ya volkano ya 2002 ukumbi tuliokuwa tunautumia ulifunikwa na lava, tukaanza kuchezea uani, saruji iliyomwagwa juu ya mawe yale. Nilikuwa na miguu ya chuma, nilifikiri. Goti langu la kushoto sasa linatabiri mvua kuliko redio.

Ngoma nyingi unazofundisha zilizaliwa juu ya udongo. Germaine Acogny, mwalimu mkubwa wa ngoma, alijua hilo: kule Toubab Dialaw, Senegal, kwenye École des Sables aliyoianzisha mwaka 1998, kuna ukumbi wa wazi wenye mchanga mtupu chini. Wewe huna mchanga huo, lakini unaweza kutafuta mbao. Sisi tuliweka matairi ya zamani yaliyokatwa, juu yake mbao za masanduku, tukapigilia, misumari tukaizamisha ndani kabisa (kidole changu kimoja kinajua kwa nini). Mbao zisikae moja kwa moja juu ya saruji. Ziwe na hewa chini, zibonyee kidogo ukikanyaga. Mpaka uzipate, fundisha yanvalou, fundisha clave kwa makofi, fundisha kukaa chini. Wanafunzi watanung'unika. Na goti likivimba, usilikande kwa maji ya moto usiku huo, weka baridi.

Napiga ngoma. Nimeitwa kwenye staji moja hapa Goma, siku tano, wanasema nitapewa chakula na "kujulikana". Niende?
*Mpiga ngoma, Majengo*

Mwalimu wa densi analipwa? Wanafunzi wanalipa? Basi na wewe. Waulize kabla ya kubeba ngoma, si siku ya tano jioni watu wakiwa wanapiga picha. Tena uombe nauli ya pikipiki kando, kwa sababu ngoma mbili hazipandi na abiria mwingine.