Mbuga, dimbwi na kinamasi: maswali yenu

Mwalimu, shikamoo. Shuleni tumefundishwa kuwa mbuga ni mahali pa wanyamapori. Mbona babu yangu wa Shinyanga husema anakwenda mbugani kulima mpunga?

Marahaba. Babu yuko sahihi, tena ameishika maana ya zamani. Mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi wa mfinyanzi: mvua zikinyesha maji hutuama, kiangazi hukauka. Ukipita humo wakati wa mvua, tope hung'ang'ania kiatu hadi unatoka peku. Ifikapo Septemba ardhi ile ile imepasuka nyufa za kuingiza mkono. Wasukuma hutengeneza majaruba ya mpunga humo kwa sababu maji hayanywei upesi, na wataalamu wa udongo nao wameliazima neno hilo hilo. Wanyama hufuata majani, basi jina likahamia kwao. Kusema "mbuga ya Serengeti" si kosa, ingawa jina rasmi ni Hifadhi ya Taifa. Nisichokubali ni kuifuta maana ya babu.

Na "kuchanja mbuga" je?

Kuchanja ni kupasua, kama tuchanjavyo kuni. Nionavyo mimi, anayechanja mbuga haizunguki, huipasua katikati ili awahi. Ndiyo maana mwizi akitimka tunasema amechanja mbuga, na timu inayoshinda mfululizo nayo inachanja mbuga kuelekea fainali. Pasipo kasi, msemo huo haufai.

Kwa nini tunazama katika dimbwi la mapenzi, si kinamasi cha mapenzi?

Swali zuri mno. Dimbwi ni maji yaliyotuama, na maji humfunika mtu. Hivyo dimbwi hupokea chochote kinachotujaa: mapenzi, huzuni, umaskini, hata damu. Kinamasi kinateleza na kunata. Shika kambare mbichi, au chota mlenda kwa tonge uone uzi unavyovutika kutoka bakulini hadi mdomoni. Huo ute nao huitwa kinamasi. Kwa hiyo mimi huandika "kinamasi cha madeni": kila ukijinasua mguu mmoja, wa pili unadidimia. Mpenzi wako usimwambie umo kinamasini, labda kama unataka kuachana naye.

Watangazaji husema "Bwawa la Maini". Ni nini?

Ni Liverpool, jina lake likitafsiriwa vipande vipande: ini na bwawa. Tafsiri ya kimchezo, lakini imekaa.

Ofisini tunaandika "ardhi oevu". Ni neno la kweli?

La kweli kabisa: ardhi iliyolowa maji. Linafaa kwa sababu linakusanya vinamasi, mbuga, mikoko na kingo za maziwa kwa pamoja, kama unavyotaka Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu, uliotiwa saini Iran mwaka 1971. Kwetu Tanzania eneo la kwanza kuingizwa humo ni Malagarasi-Muyovozi, mwaka 2000. Ila mkienda vijijini, tajeni pia jina la wenyeji. Mkulima akisikia "ardhi oevu" huenda akadhani ni mahali pengine; akisikia "mbuga" atajua mnazungumzia majaruba yake.