Asali, nyongo na mtoto anayechemka

Mliuliza: "Mantiki inamfaa nini mtu ambaye hakusoma falsafa?" Mimi sikuisoma. Nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu mwaka wa kumi na moja sasa, na jibu langu linatoka kaunta.

Mama huingia na mtoto mgongoni: "Kaka, mtoto anachemka, nipe mseto." Ukimuuliza amejuaje kuwa ni malaria, anakushangaa. Malaria huleta homa, mtoto ana homa, unataka nini tena? Nami kwa muda mrefu sikuona tatizo. Nilikuwa nauliza uzito, nahesabu vidonge.

Kosa hilo Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilieleza zaidi ya miaka 2300 iliyopita, na mifano yake inachekesha. Asali ni ya manjano, basi mtu akiona nyongo huidhania asali. Mvua ikinyesha ardhi hulowa, basi ardhi ikilowa watu husema mvua imenyesha. Na mwanamume anayejipamba na kuonekana akizurura usiku, huyo ni mzinzi tu! (Mtaani kwetu kesi hii husikilizwa kila jioni, mshitakiwa akiwa hayupo.) Kote humo "kama hiki, basi kile" imegeuzwa ikawa "kama kile, basi hiki". Malaria huleta homa, sawa. Nimonia nayo huleta homa, na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) pia.

Hata hivyo nawatetea akina mama, maana wajuzi wa mantiki ni wepesi wa kucheka. Kwa miaka mingi, penye malaria nyingi na vipimo haba, hata miongozo ya tiba ilielekeza mtoto mwenye homa apewe dawa ya malaria. Haikudai kwamba homa ni ushahidi kamili. Ilipima hatari: kumnyima dawa mtoto mwenye malaria ni kubaya zaidi kuliko kumpa asiyeihitaji. Huko ni kukisia kwa sababu, na mimi sioni aibu yake. Ubaya unaanza pale makisio yanapochukuliwa kuwa uthibitisho, mtu akaacha kabisa kutafuta ugonjwa mwingine. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, panapowezekana.

Kipimo kinapita njia nyingine: angekuwa na malaria, kingeonyesha, hakikuonyesha, basi hana. Mpangilio wa hoja hiyo hauna dosari. Ila kauli yake ya kwanza si kweli kila mara, kwa sababu vimelea vikiwa vichache mno kwenye damu, kipimo cha haraka huweza kuvikosa. Hilo ndilo lililonisumbua kuelewa: hoja inaweza kufuatana barabara na bado ikakufikisha pabaya, kwa kuwa ulianza na kauli isiyo ya kweli.

Siku hizi anayeomba mseto namuuliza kwanza kama mtoto amepimwa. Juzi mmoja alinijibu, "Hajapimwa, lakini mwezi jana alichemka hivihivi, nikampa mseto, akapona." Nikamwambia homa nyingi za watoto hupoa zenyewe, dawa iwepo isiwepo. Akanitazama, akamfunga mtoto vizuri kwa kanga, akaelekea zahanati kwa uso wa mtu aliyeshindwa kesi bila kushawishika.