Nitrasi kwenye Altezza: pima pampu kwanza

Mdogo wangu wa Igoma, Mwanza, umeuliza kama Toyota Altezza yako ya EFI (petroli inapulizwa kwa kompyuta) inaweza kufungwa nitrasi, yaani gesi ya nitrous oxide ya kuongeza nguvu, bila kufungua injini. Inaweza, ila anza na nyongeza ya nguvu ya farasi 50. Hiyo 100 uliyoitaja iache.

Gesi yenyewe haiwaki. Ikifikia joto la karibu nyuzi 300 ndani ya silinda inaachia oksijeni, na oksijeni hiyo inadai petroli zaidi. Petroli isipotosha, pistoni inatoboka. Kwa hiyo pima presha ya pampu ya mafuta kabla hujanunua chochote. Pampu iliyokuja na gari mimi siiamini. Chukua seti inayopuliza gesi na petroli kwa pamoja kabla ya throto (mlango wa hewa ya injini), nozeli zako za petroli zitabaki zilivyo. Plagi ziwe za baridi zaidi hatua moja (zinazopoteza joto haraka), taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, irudi nyuma nyuzi 2 hivi. Swichi ya gesi iwake ukikanyaga mafuta mpaka mwisho tu, mzunguko wa injini ukishapita 3,000 kwa dakika.

Mtungi wa gesi ukae kwenye buti, umefungwa kwa mikanda ya chuma. Ukipaki juani Kirumba mchana kutwa, presha inaweza kupita psi 1,000 na gesi ikaizidi petroli.

Halafu unataka kuijaribu barabara ya Nyegezi jioni, na bodaboda zile? Hapana, mdogo wangu.