Re: Paa limeezuliwa na upepo Mafinga, bima wanakataa

Pole sana dada. Nimekuelewa: nyumba ina bima ya moto uliyokatiwa na benki, na afisa anasema upepo haumo.

Kwanza omba hati kamili ya bima, si risiti. Soma viambatisho, sehemu ya majanga ya ziada, utafute neno "dhoruba". Paa langu hapa Uyole lilipoezuliwa nilikataliwa hivyohivyo, kumbe neno hilo lilikuwa ukurasa wa mwisho. Walilipa bati na mbao. Silingibodi hawakulipa, kwa sababu niliiacha wazi siku 3 ikanyeshewa. Kwa hiyo leo hii funika na turubai, tunza risiti, na bati zilizokunjamana usiwauzie wa vyuma chakavu kabla mkaguzi hajaziona.

Wakikataa, dai wakujibu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo utakayopeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa serikali, anza na mtendaji, uandikishwe kwenye orodha ya kamati ya maafa. Kwetu yalikuja mablanketi na unga, fidia ya nyumba hapana. Ila nakala ya taarifa ya mtendaji ilinisaidia sana kule bima, ichukue.