Usiseme tu "bega linauma": vijue viungo vyako kwa kuvisogeza

Miaka mitatu iliyopita niliteleza kwenye ngazi, nikaangukia mkono wa kushoto, bega likateguka. Daktari alilirudisha mahali pake siku ileile, akaufunga mkono kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu nianze mazoezi. Sikurudi. Niliogopa litateguka tena, nikaubeba mkono ule kama yai kwa karibu wiki nane. Nilipoufungua, maumivu yalikuwa yamepungua sana, lakini mkono haukupanda kupita kifua.

Nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia nikamwambia bega linauma. Akaniuliza, "Linauma ukifanya nini?" Nikakosa la kusema. Akataja moja moja: ukiinua mbele? Ukiinua pembeni? Ukipeleka mkono nyuma ya mgongo? Ukizungushia nje? Nilikuwa nimeishi na bega hilo maisha yangu yote na sikujua kwamba hiyo ni miendo minne tofauti, na kwamba kila mmoja unaweza kupotea peke yake.

Kwa hiyo naomba usome haya ukiwa umesimama, au angalau mikono yako ikiwa huru. Viungo havijifunzwi kwa kukariri majina.

Si kila kiungo kimeumbwa kisogee. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshonana kwa nyuzi ngumu, haichezi. (Ya mtoto mchanga bado ina nafasi katikati, ndiyo maana kichwa kinaweza kujibana kidogo wakati wa kuzaliwa.) Pingili za uti wa mgongo zimetenganishwa na sahani za gegedu (ile tishu ngumu inayonepa, kama ya sikio), na kila moja husogea kidogo tu, ni kwa kuwa ziko nyingi ndiyo maana tunaweza kuinama. Vinavyobaki ni viungo vyenye ute, na hivyo ndivyo vinavyotuleta hospitali: bega, goti, nyonga, kiwiko, vidole.

Ndani ya kiungo cha aina hiyo, ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini linaloteleza. Kuzunguka ncha hizo kuna mfuko mgumu, na utando wa ndani wa mfuko huo hutengeneza ute. Nje kuna kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Sasa sikiliza jambo ambalo lingenipa akili mapema: gegedu hilo halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ule ute, na ute huingia na kutoka pale gegedu linapokandamizwa na kuachiwa, kama sifongo. Usiposogea, gegedu linapata chakula kidogo, na mfuko unaanza kujikaza. Hicho ndicho nilichokuwa nakifanya kwa wiki zile nane nikidhani nalilinda bega.

Haya, tuanze na kiwiko. Kikunje na kukikunjua: kinakwenda kama bawaba ya mlango, mbele na nyuma basi. Sasa kibane kiwiko ubavuni na ugeuze kiganja juu, kisha chini. Hapo bawaba haihusiki. Kigasha kina mifupa miwili, na mmoja unajiviringisha juu ya mwenzake. Mtu anayeumia akifungua mfuniko wa chupa hana tatizo sawa na anayeumia akipeleka kijiko mdomoni, ingawa wote watasema "kiwiko".

Shingo nayo ni hivyohivyo. Ukitikisa kichwa kukubali, mwendo mkubwa uko kati ya fuvu na pingili ya kwanza. Ukikataa kwa kugeuza kulia na kushoto, pingili ya kwanza inazunguka kwenye kijiti cha pingili ya pili, na karibu nusu ya mgeuko wote wa shingo hutoka hapo. Kidole gumba kimekaa kwenye mfupa wake kama mpanda farasi kwenye tandiko, ndiyo maana kinaweza kugusa ncha za vidole vingine vyote.

Goti wengi huliita bawaba. Si kosa, ila likiwa limekunjwa linaweza pia kuzunguka kidogo, na likinyooka kabisa linajifunga. Ndiyo maana nasisitiza: ukitaka kugeuka huku umebeba mzigo, geuza nyayo. Kuacha unyayo umeganda chini na kuzungusha kiwiliwili ni kulidai goti mwendo ambao si wake, na vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyomo ndani yake huchanika kwa mtindo huo.

Nyonga na bega ni ndugu: vyote ni mpira ndani ya kikombe. Lakini kikombe cha nyonga ni kirefu, kinaushika mpira, kwa sababu kinabeba mwili. Cha bega ni kifupi kama kisahani. Kwa hiyo bega ndilo linalosogea kuliko viungo vyote, na ndilo linaloteguka mara nyingi kuliko viungo vingine vikubwa. Halafu halifanyi kazi peke yake. Ukiinua mkono hadi juu kabisa, nyuzi 180, takriban 120 ni za mpira na kikombe, na 60 ni za bapa la bega linaloteleza juu ya mbavu. Simama mbele ya kioo uangalie. Mimi nilipoinua mkono wangu mgonjwa, bega zima lilipanda kuelekea sikioni: bapa lilikuwa linajaribu kulipa deni la kiungo kilichokakamaa.

Kuna kipimo kimoja alichonifanyia yule mtaalamu wa fiziotherapia ambacho nakipenda sana. Kwanza aliniambia niinue mkono mwenyewe. Kisha aliniambia niulegeze, akauinua yeye. Kama mwenzako anaweza kuufikisha mbali kuliko wewe, mara nyingi shida iko kwenye misuli, mishipa ya fahamu inayoiamrisha au kano za misuli hiyo. Kama naye anakwama palepale, kiungo chenyewe au mfuko wake ndio umefunga. Wangu ulikwama palepale. Usimfanyie mtu kwa nguvu, na usimfanyie kabisa aliyeanguka leo.

Mazoezi yangu yalianza madogo mno. Niliinama, mkono wa kulia ukiegemea meza, wa kushoto ukining'inia, nikauacha uchore viduara kwa uzito wake wenyewe. Baadaye nikasimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, hatua kwa hatua kama buibui, mpaka pale unapovuta bila kuchoma. Hapo nilipiga alama ya penseli. Wiki ya kwanza alama tatu zilikuwa mahali pamoja na nilikaribia kukata tamaa. Wiki ya pili ikapanda kwa upana wa kidole kimoja.

Wengi huniuliza kuhusu kuvunja vidole hadi vialike. Mlio huo unahusiana na gesi iliyomo kwenye ute, si mifupa kusagana. Daktari Mmarekani Donald Unger alivialisha vya mkono wa kushoto tu kwa miaka 50, na mwaka 1998 akaandika kwamba hakupata ugonjwa wa viungo katika mkono wowote. Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha, lakini mlio usio na maumivu wala uvimbe usikunyime usingizi.

Kinachotakiwa kukukimbiza hospitali siku hiyohiyo ni kiungo kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, hasa ukiwa na homa. Kilichopinda baada ya kuanguka. Au ganzi chini yake. Usikubali mtu akuvute nyumbani. Na ukiamka viungo vimekaza kwa zaidi ya nusu saa, asubuhi baada ya asubuhi, mwone daktari hata kama vinalegea baadaye.

Ukifika kwake, mwambie mwendo. "Naweza kuinua mkono mbele, siwezi kuuzungushia nje. Shida ilianza baada ya mkono kufungwa wiki nane." Sentensi hizo mbili nilizisema kwa daktari mwingine miezi kadhaa baadaye, naye akaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa bega. Leo mkono unafika juu kabisa. Kuuzungushia nje bado kumepungua kidogo, na kila asubuhi naupima ukutani.